Mashine ya Juisi na Taya la Mama Mkwe

Wengi mmeniuliza habari za yule mbuzi wa wiki iliyopita. Mbuzi hajambo. Hakuchubuka hata kidogo, na jana nilimwona akila boksi nyuma ya duka la dawa.

Aliyeumia ni mama mkwe wangu, Mama Amon, aliyekuwa kwenye bodaboda akienda mazoezi ya kwaya. Dereva alimkwepa mbuzi. Mama mkwe akaendelea na safari bila pikipiki, na taya lake likakutana na ukingo wa kalavati. Hospitali walimfunga meno ya juu na ya chini kwa waya, wakasema asitafune chochote. Ni kunywa tu, kwa mrija, mpaka mfupa uunge.

Kwa aliyenikuta leo: mimi ni Esperansi. Nimezaliwa Ulyankulu, katika zile familia zilizotokea Burundi. Amon alinioa akanileta Tabora mjini, mtaa wa Isevya, nyumbani kwa mama yake. Kisha Amon akafa, akaniacha bila mtoto. Matanga yalipokwisha, Mama Amon hakuuliza nitaondoka lini. Aliniuliza kama nimekula. Tangu siku hiyo tumekuwa wawili, tunapika chungu kimoja na kugombania redio moja. Nampenda yule mama. Nalisema mapema, kwa sababu mbele kidogo nitaonekana vingine.

Basi Jumatano, wifi yangu Magreth akapiga simu ya video kutoka Dodoma. Magreth ndiye dada yake Amon, ameolewa na mchungaji wa kanisa jipya.

"Wifi, geuza simu nimwone mama."

Nikageuza. Mama mkwe akapunga mkono.

"Mbona amebaki macho?"

"Ni kamera, wifi."

"Kamera ndiyo imemtoa mashavu? Unampa nini?"

"Uji."

"Na nini kingine?"

"Uji wa jioni."

Magreth akasogeza uso mpaka ukajaa kioo chote cha simu.

"Sikiliza, Esperansi. Mgonjwa kama huyo hapewi uji mtupu. Anapewa juisi. Ya matunda, ya kukamua nyumbani, siyo ya paketi. Nakuja Jumamosi. Nikimkuta hivyo, naondoka naye, na safari hii harudi Tabora. Chumba chake nimeshakipaka rangi."

Mama mkwe akasogea kwenye simu. Maneno yake siku hizi yanatoka yamebanwa, lakini yanatoka.

"Rangi gani?"

"Ya maziwa, mama."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeiona. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili. Mama Amon akiondoka, mimi Isevya ni nani? Jirani aliyekosea nyumba.

Msinione mvivu. Huu ni msimu wa embe, na Tabora msimu wa embe watu wanazifagia uani pamoja na majani. Nilikuwa nimeshajaribu kuzikamua kwa mkono na chujio la chai. Nyuzi zikaziba mrija. Jirani akaniazima blenda. Blenda ikazikata nyuzi zikawa fupi, na hizo fupi zikauziba mrija vizuri zaidi. Mama mkwe akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, kisha akanirudishia kikombe.

"Nimechoka kuliko aliyelima," alisema.

Kwa hiyo Alhamisi nikaenda sokoni kwa Tunu kutafuta mashine yenyewe, ile ya kukamulia juisi.

Hapa lazima nimweleze Tunu. Tunu ni Mzaramo wa Kisarawe, ana duka la vyombo vya nyumbani, na Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi tangu wale wabeba mizigo walipokuwa wakitelemka pwani. Mimi si Mnyamwezi, lakini nimeolewa kwao, na ukiolewa unapewa na watani.

Hilo sikulijua mpaka msiba wa Amon. Tunu aliingia amevaa koti la marehemu, akapita katikati ya waombolezaji akiuiga mwendo wake, akauliza kwa nini hajapikiwa chai. Mama mkwe alicheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilimrukia Tunu nikalichana koti. Watu wanne walinishika.

Baadaye mama mkwe akanikalisha chini akanifundisha. "Mtani haongei, mtani anacheza. Akikwambia kulia, jua ni kushoto. Akikusifu, kajiangalie kwenye kioo. Usibebe neno lake hata moja."

Nikashika somo. Mimi nikifundishwa kitu nakishika mpaka kinavunjika.

"Karibu, mbeba mizigo," Tunu alisema aliponiona. "Leo umetumwa na bwana gani?"

"Nimekuja kuona kama Wazaramo wameanza kufanya kazi."

"Bado. Tunasubiri Wanyamwezi mmalize kubeba."

Tukacheka. Nikamwambia nataka mashine ya juisi. Alikuwa nazo tatu juu ya rafu. Ya kwanza ya plastiki, ya kukandamizia limau na chungwa kwa mkono. Hiyo hata sikuiuliza. Ya pili kubwa, inang'aa, ina mdomo mpana wa kuingiza tunda zima na vitufe vya kasi kama redio ya gari. Ya tatu nyembamba, ya kijivu, imesimama kwa unyonge kama mtu anayengoja kuitwa ofisini.

Nikaishika ile kubwa.

"Mtani," Tunu akasema, "tuache utani kidogo. Unamkamulia nani?"

"Mama mkwe."

"Mama Amon? Na taya lile?"

"Hilohilo."

"Basi hiyo iache. Chukua hii ya kijivu."

Nikatabasamu. Mtani anayesema tuache utani ndiyo kwanza anauanza.

"Ina nini hii ya kijivu?"

"Inakamua taratibu. Ndani ina kitu kama parafujo, kinalibana tunda mpaka linatoa kila lilichonacho, na nyuzi zinatokea pembeni. Haina povu. Utakata vipande vidogo vidogo, mkono utakuuma, lakini mgonjwa atakunywa."

"Na hii kubwa?"

"Hiyo ni ya karoti na matufaa, vitu vigumu. Inazungusha kwa kasi na kurusha. Ukiitia embe iliyoiva itazunguka nayo tu, ikupe povu. Usiichukue, Esperansi. Nakuomba."

Aliniita kwa jina. Miaka yote Tunu hajawahi kuniita kwa jina. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikajisemea, leo Mzaramo amejipanga.

Nikafanya hesabu niliyofundishwa. Amesema ya kijivu, maana yake kubwa. Amesema povu, maana yake juisi. Ameomba, maana yake anataka nikifika nyumbani na kile kijivu awe na kichekesho cha mwaka mzima.

"Nifungie kubwa," nikasema.

"Esperansi."

"Kubwa, mtani. Wanyamwezi tunabeba vikubwa."

Akaifunga. Pesa yangu ya karanga za msimu mzima ikaishia pale, nami nikaondoka nimejaa ushindi.

Nyumbani nikaiweka mezani, nikamenya embe tatu, nikawaita majirani wawili waje washuhudie. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake ameshika mrija tayari.

Nikawasha.

Sijawahi kuishi karibu na uwanja wa ndege, lakini sasa najua kukoje. Meza ilitetemeka, mashine ikaanza kutembea kuelekea dirishani. Nikaikumbatia. Embe la kwanza likaingia likazunguka, likazunguka, likarudi kunitazama. Nikatia la pili kulisukuma la kwanza. Mashine ikatoa harufu ya waya unaoungua, kisha umeme wa nyumba nzima ukakatika.

Kwenye kikombe kulikuwa na povu la manjano, limejaa mpaka juu. Majirani wakasema hongera.

Mama mkwe akatumbukiza mrija, akavuta. Povu likashuka lote mara moja kama lilivyopanda. Akameza, akangoja, kisha akabeua kwa nguvu kama mtu aliyeshiba.

"Nimekunywa upepo," alisema.

Sikucheka. Usiku ule alikunywa uji robo kikombe, akasema basi. Nilipombadilishia shuka niliona mifupa ya mabega yake, nikatoka nje nikalia nimeegemea tangi la maji. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na jina la mtu.

Ijumaa soko halijachangamka vizuri nilikuwa dukani kwa Tunu. Nikaitua mashine juu ya meza yake kwa kishindo.

"Umemnyima mama yangu chakula!"

Tunu akatabasamu. "Kumekucha. Mbeba mizigo amerudisha mzigo."

"Usinichekee! Mama anakonda, kesho wifi anakuja kumchukua, na wewe umekaa hapa unachezea roho za watu. Una roho mbaya, Tunu!"

Muuza vitunguu wa jirani akaacha kupima. Tunu tabasamu likamtoka usoni polepole.

"Umekasirika?"

"Nimekasirika."

"Kweli kweli?"

"Kweli kweli."

"Mama yangu," muuza vitunguu akasema. "Amemkasirikia mtani."

Nilikuwa sijui kwamba kuna kosa kubwa kuliko kuchana koti. Mtani hakasirikiwi. Unaweza kumwita mchawi, unaweza kumwita mwizi wa kuku, mkacheka mkaachana. Lakini ukimaanisha, umevunja kitu cha mababu, na unalipa faini. Muuza vitunguu, ambaye hakuna aliyemuuliza, alipendekeza jogoo.

Tunu hakuwa akimsikiliza. "Nilikwambia nini kuhusu hii mashine?"

"Uliniambia niiache."

"Nilisema itatoa nini?"

"Povu."

"Imetoa nini?"

Nikaufuta mdomo wa mashine kwa pindo la kitenge.

"Sasa nimekosa wapi?"

"Mimi nilifundishwa neno la mtani linageuzwa," nikasema. Sauti yangu mwenyewe niliiona ndogo. "Mama aliniambia nisibebe hata moja."

Tunu akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Kwanza nilidhani analia, kumbe anacheka, lakini cheko la huruma.

"Mama mkwe wako alikufundisha nusu. Mgonjwa tunamtania mpaka ajikojolee. Chakula cha mgonjwa hakitaniwi. Na maji ya kumwoshea maiti hayataniwi. Hapo hata Mzaramo anakuwa mtu mzima."

Nilitaka ardhi ipasuke. Ardhi ya sokoni imemwagiwa zege.

"Nenda nyumbani," Tunu akasema. "Kesho asubuhi nakuletea ya kijivu mwenyewe. Na jogoo wangu awe amefungwa miguu."

Jumamosi alikuja kabla jua halijawa kali, ameibeba mashine kichwani kwa makusudi, ili mtaa mzima umwone Mzaramo akimbebea mizigo Mnyamwezi. Nikakata embe vipande vidogo vidogo mpaka kiganja kikaota lengelenge. Mashine ya kijivu ikaguna kwa sauti ya chini. Pembeni zikatoka nyuzi kavu, na mbele ikatiririka juisi nzito, ya rangi ya machungwa, haina povu hata tone.

Mama mkwe akaweka mrija. Akavuta. Kikombe kikashuka, kikashuka, kikaisha, mrija ukalia chini. Akaninyooshea kikombe.

"Hii ni embe," alisema. "Ongeza."

Nilifurahi mpaka nikaona haya mbele ya mgeni. Vikombe viwili, msomaji! Nikaona mashavu yanarudi palepale, ingawa najua mashavu hayarudi hivyo. Kichwani nikamwona Magreth akifika, akimtazama mama yake, akikosa la kusema.

Tunu naye akaona kazi ya utu uzima imekwisha. Akachukua khanga ya mama mkwe kwenye kamba, akajifunika mpaka kidevuni, akajilaza mkekani katikati ya sebule na mikono kifuani.

"Nimekufa mie, Mama Amon!" akalia. "Nimeuawa na mbuzi! Naomba mbuzi azikwe nami, tukamalizane huko huko!"

Mama mkwe akashika taya kwa mikono miwili. "Acha wewe, waya zitakatika."

"Redio yangu apewe Tunu! Kitanda apewe Tunu! Madeni apewe mkwe!"

Mama mkwe alikuwa anacheka bila kufungua mdomo, mabega yanapanda na kushuka, machozi yanamiminika. Sikuwa nimemwona akicheka tangu siku ya kalavati. Akaninyooshea kidole.

"Mjibu, Esperansi. Mjibu mtani wako."

Mimi nilikuwa sijawahi. Dukani matusi ya kawaida naweza, lakini utani wa kifo nilikuwa nauogopa tangu lile koti. Nikamwangalia mama mkwe, nikaona anataka kweli. Nikasema leo namfurahisha. Nikavuta pumzi, nikasimama juu ya maiti ya Tunu na kisu cha embe mkononi.

"Jamani, tumzike huyu mama haraka!" nikapaza sauti. "Kaburi liko tayari, analia njaa tu kila siku! Tumzike tugawane vitenge kabla Magreth hajafika!"

Mama mkwe aliacha kucheka. Nikadhani nimesahau kitu.

Nikageuka. Mlangoni alikuwa amesimama Magreth, begi la magurudumu ubavuni, vumbi la safari mpaka kwenye kope.

"Endelea, wifi," alisema. "Mimi nimepangiwa kitenge kipi?"

Tunu, palepale alipolala, bila kufumbua macho, akasema, "Marehemu anaomba wageni wavue viatu."

Hakuna kilichosaidia baada ya hapo. Nilisema ni utani. Magreth akasema kanisani kwao wanafundishwa maneno huumba, na kwamba nimemtamkia mama yake mauti nikiwa nimeshika kisu. Kisu nilikuwa bado nimekishika. Nikakiweka chini, nikapiga magoti.

"Wifi, wewe ni Mnyamwezi wa kuzaliwa, utani unaujua kuliko mimi. Huyu ni Tunu. Tazama, mama amekunywa juisi vikombe viwili. Muulize mwenyewe."

"Nitamuuliza." Magreth akainama mbele ya kiti. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Unabaki na hawa, au unakwenda na mimi?"

Mama mkwe akaufuta mrija kwa pindo la khanga, akaulaza juu ya kikombe. Hakuharakisha.

"Nitakwenda."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Nikamtazama Tunu, nikitaka anikonyeze, anipe ishara yoyote. Tunu alikuwa ameketi mkekani, anakunja ile khanga kwa uangalifu, haniangalii.

"Mama," nikasema, "juisi imepatikana. Umekunywa mwenyewe."

"Nimekunywa. Tamu."

"Basi unakwenda kwa nini?"

"Basi nakwenda. Lakini Dodoma baadaye. Magreth, kwanza tupitie Ulyankulu. Na Esperansi afunge vitu vyake vyote."

Nilikuwa bado nimepiga magoti. Mama mkwe hamsindikizi mjane wa mwanawe kwao kwa matembezi. Anapomshika mkono akamfikisha mlangoni kwa wazazi wake, amemkabidhi. Habari yenu imeisha, kila mtu achukue njia yake.

"Nimekosa nini, mama?"

"Hujakosa."

"Ni ule utani? Wewe ndiye uliyeniambia nimjibu!"

"Ulijibu vizuri."

"Sasa unanirudisha kwa nini?" Nilikuwa nalia mbele ya Magreth, kitu nilichoapa sitakifanya. "Mimi nilitaka nikae na wewe. Nilitaka hilo tu."

Akanishika kichwa. Mkono wake ulinuka embe. Alisema polepole, neno moja moja, kwa sababu ya waya na kwa sababu nyingine niliyokuwa siijui.

"Nina neno kwa baba yako. Amon aliniachia asubuhi aliyokufa, akasema nimpelekee mwenyewe, kwa mdomo wangu, na wewe uwepo. Nikaliogopa nikalikalia. Siku ile nimelala barabarani, mdomo umejaa damu, nikajaribu kuita mtu, sauti haikutoka. Nikasema, sasa nazikwa nalo."

Magreth aliachia mpini wa begi. Tunu alisimama, akachukua jogoo wake, akatoka bila kuaga.

Mimi nilibaki pale nikiitafuta kichwani siku ambayo Amon na baba yangu walikutana. Baba yangu hakuja harusini kwetu. Hakuja msibani. Kwa ninavyojua mimi, Amon na baba yangu hawakuwahi kusalimiana hata mara moja.